Kabla ya Kukubali Jino Ling'olewe

Anayetoka Kagunga au Kalya kwa boti kufuata matibabu ya jino Kigoma mjini mara nyingi huwa amekwisha kukata shauri njiani kwamba jino ling'olewe, arudi nyumbani. Kwa nauli aliyolipa na usiku aliokesha, namwelewa. Hata hivyo, maumivu mengine ya kinywa huletwa na virusi, na hayo hayaondoki kwa koleo.

Kabla ya safari, mwombe mtu akumulike kinywani kwa tochi. Malengelenge madogo yaliyosongamana kwenye ukingo wa mdomo, fizi au kaakaa, yanayopasuka na kuacha vidonda, hasa yakitanguliwa na homa na uchovu, huashiria virusi vya hapesi, na kwa kawaida hupona ndani ya siku 7 hadi 14. Kapsuli za amoksilini zilizobaki kabatini hazivigusi virusi hivyo. Mtoto anayeugua kwa mara ya kwanza huweza kuvimba fizi zote, akatokwa na udenda na kukataa hata uji. Anyweshwe maji kidogo kidogo na apelekwe kituo cha afya mapema.

Jino bovu lina dalili zake: maji baridi au chai ya moto huamsha maumivu yanayobaki hata baada ya kumeza, hupwita zaidi ukilala, na ukiling'ata au kuligonga taratibu unalijua ni lipi.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni mkanda wa jeshi wa usoni, kwa sababu maumivu yake huweza kutangulia malengelenge kwa siku kadhaa, na katika siku hizo mgonjwa huapa kwamba ni gego. Yapo meno mazima yaliyong'olewa kwa kosa hilo. Maumivu hayo hushika upande mmoja wa uso bila kuvuka katikati, huchoma, na ngozi huweza kuuma hata ikiguswa na upindo wa kanga. Kwa hiyo mweleze daktari yalianza lini na yanapita wapi, na usiharakishe ganzi kabla hajaligonga jino na, panapowezekana, kulipiga picha ya eksirei. Dawa ya virusi hufaa zaidi ikianzwa ndani ya saa 72 tangu malengelenge yatokeze. Yakiwa karibu na jicho au kwenye ncha ya pua, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Mwenye malengelenge mabichi amjulishe daktari kabla ya kuketi kitini, kwani virusi huambukiza kwa kugusana na kazi isiyo ya dharura huweza kuahirishwa. Uvimbe chini ya taya unaozuia kumeza au kufungua kinywa, huo haungoji boti ya kesho.