Kabini ya avenyu ikizimika kila jioni: pima kwanza, transfoma mpya baadaye

Giza likiingia Kadutu, mjini Bukavu, lawama zote huteremka kwenye mabwawa ya umeme ya mto Ruzizi. Si za bure: mitambo ya Ruzizi I inazunguka tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, na plastiki za Ziwa Kivu huziba njia zake za maji. Lakini avenyu ya jirani ikiwa inawaka na yenu imezimika, ugonjwa uko kwenye kabini yenu, yaani kibanda cha transfoma ya mtaa. Fundi aliyeruhusiwa na kampuni ya umeme ndiye anayeifungua, si kijana jasiri wa mtaa.

Apime mkondo wa umeme kati ya saa moja na saa tatu usiku, watu wakipika. Transfoma yenye uwezo wa kVA 250 kwenye volti 400 hubeba ampea 361 kwa kila fezi, yaani kila mmoja wa nyaya tatu zinazoleta umeme. Tuseme klampu ya kupimia inasoma 420, 290 na 180, na nyutro, waya wa kurudishia umeme, 208. Wastani ni 297: transfoma inatosha! Fezi moja tu ndiyo imebebeshwa, maana kila nyumba mpya iliunganishwa kwenye waya uliokuwa karibu na ngazi. Hamisha ampea 120 kutoka fezi ya kwanza hadi ya tatu. Nyumba ikila ampea 4 saa hizo, ni nyumba 30. Kesho yake jioni pima tena: nyutro ishuke karibu na 10. Fezi zote tatu zikipita 361, hapo dai transfoma kubwa zaidi.

Kisha maungio, kazi ya fundi huyo huyo. Shaba ikisokotwa kwa mkono juu ya alumini, alumini huliwa na kutu kila mvua inaponyesha, ikashika vibaya, ikachemka, mwishowe ikakatika. Zima umeme, hakikisha kwa kipimo kwamba umekatika, unganisha nyaya na ardhi. Sugua alumini kwa brashi ya waya, paka grisi ya maungio papo hapo, funga kwa klampu ya metali mbili, ile kibano cha kuungia shaba na alumini. Anza na nyutro. Ikikatika, nyumba zenye mzigo mdogo hupanda kutoka volti 230 kuelekea 400: televisheni zinaungua huku balbu za jirani zikififia.

Fyuzi iliyokatika isibadilishwe kwa kipande cha shaba. Shaba haikatiki kwa wakati. Koili za transfoma ndizo zinaungua badala yake. Na mafuta ya transfoma yapimwe: yakishindwa kuhimili kV 30 (volti 30,000) kwenye pengo la mm 2.5 la kipimo, yachujwe au yabadilishwe kabla ya msimu wa mvua.