Jinsi ya Kutambua Vifafanuzi vya Nomino za Kiingereza katika SAT
Mwanafunzi wa Kisumu au Kakamega anayejiandaa kwa SAT, mtihani wa kuomba nafasi katika vyuo vikuu vya Marekani, na aanze na tofauti moja ya msingi kati ya Kiswahili na Kiingereza. Tukisema "mitumbwi ya wavuvi iliyopasuka", upatanisho wa ngeli unatuonyesha kwamba kilichopasuka ni mitumbwi, wala si wavuvi. Kiingereza hakina upatanisho huo, na kwa hiyo ni mahali pa kifafanuzi, yaani neno au kirai kinachoeleza nomino, ndipo hasa panapoamua maana.

Chukua sentensi hii: "Caught in Lake Victoria, the traders sold the tilapia." Kirai kinachotangulia koma hufafanua nomino ya kiima kinachofuata, hivyo sentensi inadai kwamba wafanyabiashara ndio waliovuliwa ziwani. Jiulize ni nani au ni nini kilichovuliwa, kisha weka jibu mara tu baada ya koma: "Caught in Lake Victoria, the tilapia was sold by the traders."

Mtego ninaouona kuwa hatari zaidi ni wa umiliki. Chaguo la jibu ambalo baada ya koma linaanza na "the tilapia's price" humvutia msomaji mwenye haraka kwa sababu samaki ametajwa, ilhali nomino kuu hapo ni bei, na bei haivuliwi.

Vifungu vya "which" ni rahisi zaidi: kwa kawaida hufafanua nomino iliyo karibu nayo upande wa kushoto. Kati ya machaguo manne, linganisha kwanza kiima cha kila moja, kabla ya kupima ufasaha wa sentensi nzima.