Kupima na Kurekebisha Presha ya Gesi kwenye Kiyoyozi Kipya

Kiyoyozi kilichofungwa wiki iliyopita na ambacho tayari hakipozi chumba hakijaishiwa gesi kwa uzee. Ama gesi inavuja, ama tangu mwanzo haikutosha, ama kuna kinachoizuia kupita. Fundi anayefika na mtungi begani na kuanza kuongeza gesi kabla ya kupima chochote anaficha kosa tu, nalo litarudi.

Anza na yasiyohitaji geji, yaani kifaa cha kupimia presha. Mashine ikifungwa kabla ya kazi ya saruji na rangi kumalizika, kama inavyotokea katika nyumba mpya za Iyumbu na Nzuguni jijini Dodoma, vumbi huziba chujio la ndani, na presha hushuka hata kama gesi imetimia. Hakikisha pia kwamba valvu zote mbili za mashine ya nje zimefunguliwa hadi mwisho, na kwamba bomba la shaba halikubonyea kwenye kona ya ukuta.

Kisha soma kibandiko cha mashine ya nje ili ujue ni gesi ya R32 au R410A. R32 inaweza kushika moto, kwa hiyo usiishughulikie karibu na mwali, na kazi yenyewe ifanywe na fundi aliyefunzwa.

Zima mashine, subiri koili ya nje (mabomba yaliyojikunja ndani ya mashine ya nje) ilingane na joto la hewa, kisha unganisha geji kwenye mlango wake ulio upande wa bomba nene. Katika nyuzi joto 30 za Selsiasi, geji inapaswa kuonyesha paundi zipatazo 260 kwa inchi ya mraba kwa R410A na kidogo zaidi kwa R32. Ikizidi hapo kwa kiasi kikubwa, huenda kuna hewa iliyobaki ndani ya mabomba. Ikilingana, usishangilie bado, kwa sababu mtungi wa gesi ya kupikia nao hubaki na presha ile ile mpaka kimiminika kilichomo kiishe, uwe umejaa au uwe nusu.

Sasa washa mashine katika hali ya majaribio ya kupoza, inayoishikilia kompresa kwenye kasi moja. Hili ni muhimu kwa mashine za inveta, kwani kwa kawaida kompresa hubadilisha kasi yake na presha hubadilika nayo. Baada ya dakika 15, soma presha ya bomba nene, kisha funga kipimajoto juu ya bomba hilo hilo. Paundi 120 hivi zina maana kwamba gesi inachemka kwenye nyuzi 5. Bomba likiwa na nyuzi 12, joto la ziada, yaani tofauti ya hizo mbili, ni nyuzi 7, jambo ambalo kwa kawaida halina tatizo. Presha ndogo pamoja na joto kubwa la ziada huashiria gesi pungufu au kizuizi, ilhali presha ndogo pamoja na joto dogo la ziada huashiria kwamba koili ya ndani haipati upepo wa kutosha, na hapo kuongeza gesi ni kosa. Wakati wa baridi ya Juni, ukiiweka mashine katika hali ya kupasha joto, mlango huo huo wa geji hubeba presha kubwa ya kompresa, hivyo namba hizi hazitumiki.

Ukishuku uvujaji, toa gesi kwa mashine ya kuikusanya, jaza nitrojeni, na upake povu la sabuni kwenye nati za maungio. Kamwe usitumie oksijeni, kwa kuwa ikikutana na oili ya kompresa inaweza kulipuka. Baada ya kurekebisha, vuta vakyumu, yaani nyonya hewa yote kwenye mabomba kwa pampu. Dodoma iko takribani mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hivyo sindano ya geji haitafika inchi 30 za zebaki kama Dar es Salaam. Itaishia karibu na 26, na pampu isilaumiwe kwa hilo. Kipimo cha maikroni, kinachopima presha ndogo sana iliyobaki, ndicho cha kuaminika: shuka chini ya 500, funga valvu, na uangalie kama namba inapanda.

Mwishowe ingiza gesi kwa mizani, kwa gramu zilizoandikwa kwenye kibandiko, ukiongeza kiasi cha kila mita ikiwa bomba limezidi urefu uliotajwa na mtengenezaji. R410A ni mchanganyiko wa gesi mbili, kwa hiyo, ili uwiano wake usibadilike, itoke mtungini ikiwa kimiminika, taratibu, huku kompresa imezimwa.