Namna ya Kuandika Maisha ya Mcheshi Aliyeandika na Kuchora: Mfano wa James Thurber

Makala nyingi kuhusu waandishi wa vichekesho huharibika katika aya ya kwanza, kwa kuwa mwandishi hutangaza kwamba mhusika wake alikuwa mcheshi mno, kisha humwacha msomaji bila kucheka hata mara moja. Anayetaka kuandika maisha ya mtu wa namna hii hana budi kuonesha jinsi kicheko kilivyotengenezwa. James Thurber, Mmarekani aliyezaliwa Columbus, Ohio, tarehe 8 Desemba 1894, na kufariki New York tarehe 2 Novemba 1961, ni mfano mzuri wa kujifunzia, maana habari za jinsi kazi zake zilivyopatikana zinachekesha karibu sawa na kazi zenyewe.

Usianze na kuzaliwa kwake. Chagua kibonzo kimoja, ukieleze kwa utulivu, na ueleze picha kabla ya maneno yaliyo chini yake, kwa sababu ndivyo jicho la msomaji wa gazeti linavyotembea. Kwa Thurber ningechagua kile kilichotoka katika jarida la The New Yorker mwaka 1932. Mume na mke wamelala kitandani. Nyuma yao, juu ya ubao wa kichwani wa kitanda, ameegemea sili, yule mnyama wa baharini mwenye masharubu, akitazama mbali kana kwamba chumba ni chake. Mke, ambaye hajageuka kutazama, anamfokea mumewe: “Haya, kama unavyotaka wewe: umesikia sili akibweka!” Ukiisha kunukuu maneno hayo, nyamaza. Kichekesho kinachofuatwa na ufafanuzi hufa palepale.

Kinachofaa kufuata ni asili ya picha. Thurber alikusudia kumchora sili juu ya mwamba, mwamba ukatoka vibaya hadi ukafanana na ubao wa kitanda, naye badala ya kufuta akaongeza kitanda na wanandoa. Tukio hilo moja linamweleza msomaji zaidi ya kurasa tatu za sifa: huyu alikuwa mtu aliyeuacha mkono wake ukosee, kisha akalifuata kosa kuona linampeleka wapi.

Wape nafasi watu waliokuwa karibu naye, hasa wale waliomwona kabla yeye mwenyewe hajajiona. Thurber aliingia The New Yorker mwaka 1927 akiwa mwandishi, na michoro aliichora kwa penseli kupitisha muda, akaitupa. Aliyeiokota na kuipaka wino ni E. B. White, waliyekuwa wakitumia naye chumba kimoja cha kazi. White alipopeleka mchoro wa kwanza wa sili, ulioutangulia ule wa kitandani, idara ya sanaa ya jarida iliukataa na kuambatisha kielelezo cha jinsi masharubu ya sili yanavyopaswa kukaa. White akaurudisha mchoro uleule, akiandika kwamba masharubu ya sili wa Thurber hukaa namna hii. Mwaka 1929 wawili hao walitoa kitabu cha pamoja chenye michoro ya Thurber, na hapo ndipo jarida lilipoanza kuitaka. Kumbuka pia kwamba Dorothy Parker aliwafananisha watu wa Thurber na biskuti ambazo hazijaokwa. Hukumu kama hiyo, iliyotoka kwa mcheshi mwenzake, inafaa kuliko vivumishi vyako kumi.

Sehemu ngumu ni maafa. Utotoni, wakicheza mchezo wa kulenga shabaha kwa upinde, kaka yake William alimpiga mshale katika jicho la kushoto, na hatimaye jicho la kulia nalo likadhoofika. Mwandishi asiye makini hapa huanza kulia kwa niaba ya msomaji. Eleza badala yake upofu ulivyobadili kazi: karatasi zilizidi kuwa kubwa, penseli ikaachia nafasi chaki nyeusi, akavaa kioo cha kukuzia, na mchoro wake wa mwisho, wa sura yake mwenyewe, ukatoka kwenye jalada la jarida la Time mwaka 1951. Hadithi nazo alizitunga kichwani kabla ya kumsomea karani aziandike, hata mkewe alikuwa akimkemea kwenye karamu aache kuandika, ingawa hakuwa na kalamu mkononi.

Jihadhari na kumbukumbu alizoandika mwenyewe. Kitabu chake cha 1933 kuhusu ujana wa Columbus kimejaa chumvi ya makusudi, na anayekinukuu kama cheti cha kuzaliwa atakuwa amechekwa na marehemu. Kitumie kama ushahidi wa namna alivyotaka kuwaona watu wake, kisha tarehe na matukio uyathibitishe kwingine. Wala usifiche lililo chungu: wake katika vibonzo vyake mara nyingi ni wakali na wakubwa kuliko waume zao, na msomaji wa leo ana haki ya kuuliza kama kicheko hicho bado kinastahili.

Kwa mwisho wa makala, tafuta tukio ambamo uandishi na uchoraji vinakutana. Mwaka 1950 kilitoka kitabu chake cha hekaya kiitwacho The 13 Clocks, ambacho hakuweza tena kukichorea picha, kazi hiyo ikafanywa na Marc Simont. Thurber alimtaka Simont amweleze kila picha kwa maneno. Walipofika kwa mhusika ambaye kitabu kinasema kofia yake haielezeki, Simont alishindwa kuieleza, na Thurber akaridhika.