Matembezi ya Hisani ya Mtandaoni kwa Wanachuo: Namna ya Kuyaandaa

Vyuo vyetu vingi huwa likizoni ifikapo 10 Septemba, Siku ya Kuzuia Kujiua Duniani, inayoadhimishwa tangu mwaka 2003. Kwa sababu hiyo, sisi walezi wa wanafunzi hapa Moshi tuliacha matembezi ya pamoja kutoka Mnara wa Saa: siku hizi aliyeko Rombo hutembea Rombo, aliyeko Pemba hutembea Pemba, na kila mmoja hutuma mchango na kilomita zake kwa simu.

Kwanza, chagueni lengo linaloeleweka. Kutoka Moshi hadi Arusha ni takribani kilomita 80, kwa hiyo watu 16 wakitembea kilomita tano kila mmoja wanaikamilisha safari, huku kundi likitangaziwa kwamba limefika Boma Ng'ombe, Kikatiti au Usa River.

Pili, pateni kibali cha ofisi ya mshauri wa wanafunzi, na lipa namba iliyosajiliwa kwa jina la chama, si la mtu. Mweka hazina atangaze jumla kila jioni kabla hajaulizwa.

Tatu, mwenye kiswaswadu, yaani simu ndogo isiyo na kipima hatua, asiachwe. Mizunguko 12 na nusu ya uwanja wa mita 400 ni kilomita tano. Pasipo uwanja, mita ya bodaboda inatosha, ikiwa inafanya kazi.

Nne, pimeni maneno ya tangazo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba zaidi ya watu 720,000 hufa kwa kujiua kila mwaka. Andikeni hilo, kisha mseme msaada unapatikana wapi. Msitaje njia ya kujiua, na msiandike kwamba marehemu "amepumzika", kwa kuwa anayeteseka anaweza kulisoma neno hilo kama mwaliko. Mwaka wetu wa kwanza tuliliacha kundi la WhatsApp wazi, na kabla ya saa nne asubuhi mtu alikuwa amesimulia kifo cha jirani yake mwanzo hadi mwisho. Tuliufuta ujumbe, lakini wengi walikwishausoma. Sasa wasimamizi pekee ndio wanaotuma.

Tano, na hapa ndipo penye kazi yenyewe, wekeni wasikilizaji wawili wa zamu usiku kucha. Ujumbe mmoja ulinifikia saa sita usiku: picha ya kipima hatua ikionyesha kilomita 4.2, na chini yake maneno, "Madam, nimeishia hapa. Sioni haja ya kurudi." Ujumbe wa namna hiyo haujibiwi kwa maandishi, piga simu. Muulize waziwazi kama anafikiria kujiua, maana swali hilo halimpandikizii wazo, bali humpa nafasi ya kusema. Usimhubirie. Wengine hunyamaza kwa kuogopa polisi, kwa kuwa kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinalihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa, hivyo yaliyosemwa yasirudi kwenye kundi. Muulize yuko wapi na nani yuko karibu, ubaki kwenye simu wakati mwenzako akimtafuta huyo wa karibu. Hatari ikiwa ya papo hapo, pigeni 112 au afikishwe hospitali. Kwa Moshi, Mawenzi au KCMC. Kijana yule alikuwa na dada yake ng'ambo ya barabara, nami sikukata simu mpaka niliposikia sauti ya dada.

Sita, ndani ya siku saba tangazeni fedha zilizopatikana, stakabadhi ya makabidhiano, na orodha ya kilomita bila majina. Katika orodha ya mwaka ule, 4.2 imo, haikuongezwa wala kupunguzwa.