Kubadilisha kioo cha simu: kijaribu kabla hujapaka gundi

Kabla ya kununua kioo, soma namba kamili ya modeli kwenye mipangilio ya simu. Jina la kwenye boksi halitoshi, maana simu za jina moja huweza kuwa na vioo visivyoingiliana. Nunua kioo kilichoshikana na tachi yake, yaani tabaka linalohisi kidole. Kubandua glasi peke yake kunataka mashine. Na kama simu husoma alama ya kidole chini ya kioo cha OLED (aina ambayo kila nukta hujiangazia), achana na mbadala wa LCD (aina inayomulikwa na taa ya nyuma). Picha utaiona, kidole hakitasomwa.

Hifadhi data zako, acha chaji ishuke chini ya asilimia 25, zima simu. Funika nyufa kwa selotepu pana, uvae miwani. Betri ikiwa imevimba, ishia hapo, mpelekee fundi.

Simu nyingi za Android hufunguliwa mgongoni, iPhone nyingi kwa mbele. Pasha ukingo kwa draya ya nywele dakika moja au mbili, kisha penyeza kadi ya plastiki, isizidi milimita 3. Ikigoma, ongeza joto, si nguvu. Kifuniko kikiachia usikinyanyue kwa pupa: mara nyingi kuna fleksi, ule mkanda mwembamba wa nyaya, imeshikilia upande mmoja, nayo huchanika kama karatasi.

Chora simu kwenye karatasi na ubandike kila skrubu mahali ilipotoka. Skrubu ndefu ikikazwa kwenye tundu la fupi hutoboa bodi, na hapo kioo si tatizo tena. Chomoa betri kwanza, kioo baadaye.

Sasa jaribu. Chomeka kioo kipya kikiwa bado na nailoni yake, rudisha betri, washa. Shika ikoni moja uiburute polepole skrini nzima, kona hadi kona. Inapodondoka ndipo tachi imekufa. Ongeza na kupunguza mwanga pia. Kikishagundishwa, muuzaji hatakipokea.

Kikiwa kizima, zima simu, chomoa betri tena. Bandua kioo cha zamani kwenye fremu kwa joto, bila kuchokonoa upande wa betri. Kwangua gundi kuukuu yote, futa kwa spiriti. Punje moja ya glasi ikibaki, kioo kipya kinaweza kupasuka siku ya kukikandamiza. Paka gundi ya B-7000 uzi mwembamba, mbali na wavu wa spika, funga kwa raba-bendi zisizobana sana, acha saa 24. Maji usiyasogelee tena, hata kama simu iliuzwa kuwa inayahimili.