Namna ya kuomba nyaraka serikalini, hata pale wanapokwambia ni siri

Watu wengi wakitaka kujua kitu serikalini wanaandika "naomba maelezo kuhusu ujenzi wa zahanati yetu", wanajibiwa kwamba mradi unaendelea vizuri na uko hatua za mwisho, basi imeisha hiyo. Umeomba maelezo na maelezo yanatungwa. Wewe omba karatasi. Karatasi ishaandikwa tayari, ina tarehe, ina saini, ina kiasi cha pesa, na mtu akitaka kukunyima inabidi aseme ipo ila hakupi, au aseme haipo, na majibu yote mawili unaweza kuyafanyia kazi.

Alafu usiende kinyonge kama unaomba hisani. Kuna sheria za haki ya kupata taarifa, zinazompa mwananchi haki ya kudai nyaraka za serikali. Sweden walitunga ya kwao mwaka 1766, Marekani 1966, Afrika Kusini 2000, India na Uganda 2005, Kenya na Tanzania 2016, na leo nchi zaidi ya 100 zinayo. Tafuta ya kwenu na kwa kuanzia usome vitu vinne tu: nani anaruhusiwa kuomba (kuna nchi ni raia peke yake), wana siku ngapi za kujibu, vitu gani vimezuiwa, na rufaa inakatwa wapi na ndani ya siku ngapi. Hilo la mwisho watu wanalisahau sana, wanakuja kushtuka muda wa rufaa umeshapita.

Sasa kabla hujaandika chochote kaa ujiulize hiyo pesa au huo uamuzi umepita wapi na wapi, maana serikali haifanyi kitu bila kuacha karatasi. Mradi mmoja tu una fungu kwenye bajeti, tangazo la zabuni, ripoti ya tathmini ya zabuni, mkataba, mchanganuo wa gharama, hati za malipo, cheti cha kukamilika kwa kazi na ripoti ya mkaguzi. Baadhi yake, hasa bajeti na ripoti za ukaguzi, mara nyingi zimeshachapishwa, anza na hizo kwasababu ndani yake utakuta majina kamili na namba za nyaraka zingine. Na hapa kuna kitu kinachosaidia kuliko vyote: nyaraka moja huwa inakaa ofisi zaidi ya moja. Aliyetoa pesa anayo, aliyepokea anayo, mkaguzi anayo. Peleka ombi lile lile kote, kila moja na barua yake. Mmoja atakataa, mwingine atakaa kimya, na wa tatu anaweza kukupa tu kwasababu kwake ni faili la kawaida, na ukishapata nakala hata moja wale waliosema haipo inabidi wajieleze.

Wanaojua nguvu ya hili vizuri ni wale vibarua na wakulima wa Rajasthan, India, chini ya kikundi cha MKSS miaka ya 1990. Walikuwa wanapunjwa ujira kwenye kazi za serikali, wakadai orodha za mahudhurio ya vibarua na risiti za vifaa, wakazisoma kwa sauti mbele ya kijiji kizima. Yakatoka majina ya watu waliokwisha kufa wakiwa "wamelipwa", na kazi zilizolipiwa ambazo hazikujengwa. Harakati zile ndo zilisukuma hadi ikapatikana sheria ya 2005. Angalia walichodai, orodha na risiti, vitu ambavyo kila mwanakijiji aliweza kuvikagua mwenyewe.

Barua yenyewe iwe fupi, jambo moja kwa barua moja. Kwa mfano: "Naomba nakala ya mkataba, mchanganuo wa gharama na hati zote za malipo za ujenzi wa (jina la mradi), kuanzia Januari 2022 hadi Desemba 2023. Ikiwa sehemu ya nyaraka imezuiwa kisheria, naomba nipewe sehemu iliyobaki na nitajiwe kifungu kilichotumika kuzuia. Ikiwa nyaraka haziko kwenu, naomba ombi hili lihamishiwe ofisi husika na nijulishwe." Sentensi hizo mbili za mwisho usiziache kabisa. Sababu za kuomba usieleze kama sheria yenu haikulazimishi, ya India inakataza hata kukuuliza. Ila kama jambo linagusa uhai au uhuru wa mtu liseme mstari wa kwanza kabisa, maana India na Kenya kwa mfano hapo wanatakiwa kujibu ndani ya saa 48 badala ya siku 30 au 21 za kawaida.

Peleka masijala na nakala mbili, moja igongwe mhuri wa kupokelewa na tarehe, ubaki nayo. Ukituma kwa imeili omba wathibitishe kwamba wameipata. Bila ushahidi wa tarehe huna rufaa, ni hivyo tu.

Majibu sasa. Ukimya ni jibu, sheria nyingi zinahesabu kimya baada ya siku kwisha kuwa wamekataa, kwa hiyo usikae unasubiri huruma, kata rufaa. Wakisema haipo, waulize kwa maandishi wametafuta wapi, na kama iliteketezwa waonyeshe kibali cha kuiteketeza. Wakikutajia gharama kubwa ya kudurufu, punguza miaka au omba kwenda kulisoma faili pale pale ofisini, sheria nyingi zinaruhusu.

Lile gumu ni "hii ni siri". Jamani, mhuri wa SIRI peke yake sio sababu. Ule mhuri kaugonga mtu, na anaweza kuugonga kwasababu ya usalama wa taifa au kwasababu ya kuficha aibu ya mkubwa wake. Uliza mambo matatu: ni kifungu gani, madhara gani hasa yatatokea ikitolewa, na nani amepima hayo madhara dhidi ya manufaa ya umma. Mwaka 1971 serikali ya Marekani ilikwenda mahakamani kuzuia magazeti yasichapishe zile nyaraka za siri kuhusu vita vya Vietnam, ikidai usalama wa nchi utaathirika, Mahakama ya Juu ikaikatalia kwa majaji 6 dhidi ya 3. Kilichokuwa mle ndani kwa sehemu kubwa kilionyesha jinsi wananchi walivyokuwa wanadanganywa kuhusu vita. Kuna na lile jibu la "hatuthibitishi wala hatukanushi", lilipata umaarufu miaka ya 1970 pale CIA, shirika la ujasusi la Marekani, walipoulizwa kuhusu meli ya Glomar Explorer iliyotumika kuinua nyambizi ya Muungano wa Kisovieti iliyozama. Nalo linakatiwa rufaa, hasa kama ofisi hiyo hiyo ilishalizungumza jambo hilo hadharani rasmi, basi ambatanisha hiyo hotuba au taarifa.

Lakini tuwe wakweli, siri zingine ni halali. Faili la mgonjwa, jina la shahidi anayelindwa, askari walipo wakati wa vita, upelelezi ambao haujakwisha. Usipoteze rufaa yako huko, omba takwimu au sera badala ya majina. Na kama kuna mtu kakuletea nyaraka ya siri mkononi hilo ni jambo lingine kabisa, ongea na mwanasheria kabla hujaituma popote, maana nchi nyingi zinaadhibu hata aliyepokea.

Usalama wako pia. India wapo waombaji walioshambuliwa na hata kuuawa. Kwa mambo ya pesa nyingi au ardhi ombeni kama kikundi, nakala za barua zikae kwa watu tofauti.

Nyaraka zikitoka, nenda nazo eneo la kazi mkiwa wengi. Mkataba unasema vyumba vingapi, vimejengwa vingapi, nani kasaini kwamba kazi imekamilika, na tarehe gani. Palipo na tofauti andika barua ya pili siku hiyo hiyo, ukitaja namba ya hati na ukurasa.